Mshono wa Kiti cha Dereva

Mume wangu Hezekia hajui kukaa kwenye kiti kama watu wengine. Mkaribishe nyumbani kwako, mpe kochi, mpe na soda, yeye kwanza atabonyeza sponji kwa dole gumba, atapitisha mkono chini kupapasa mbao, halafu ataniinamia sikioni aseme, "Wameibiwa hawa," yaani fundi aliwauzia kazi mbovu. Miaka thelathini na moja ya ndoa nimeaibika kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye ofisi za serikali, na mara moja mbele ya askofu wetu, maana hata kiti cha askofu kilibonyezwa. Nimemfinya, nimemkanyaga mguu, nimemnunia wiki nzima. Hakukoma.

Sasa mimi huyu huyu, mwaka jana nilipiga magoti nikamwomba Mungu anirudishie tabia hiyo. Ngoja niwaeleze ilikuwaje, na nitaeleza kwa utaratibu wangu, maana nikikatizwa huwa nakasirika.

Hezekia ni mtu wa hapa hapa Unyambwa, pembezoni mwa mji wa Singida. Baba yake alilima uwele na kufuga mbuzi. Alipomaliza darasa la saba alipelekwa mjini kwa fundi wa makochi, mzee mmoja wa Kihindi, na kwa miaka miwili mzee yule hakumruhusu kushika sindano. Kazi yake ilikuwa kufumua tu. Viti vya mabasi, viti vya malori, sofa za wakubwa, anafumua uzi mmoja mmoja na kupanga vipande chini kama vilivyokuwa. Mpaka leo anasema hiyo ndiyo shule aliyosoma, kwa sababu ukifumua unaona mwenzako alidanganya wapi.

Mimi nilimkuta mjini nikiwa nimetoka kujifunza ushonaji Ikungi. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka cherehani yangu, na kibaraza kilichopatikana kilikuwa nusu ya kibaraza chake. Siku ya kwanza kabisa, sijamaliza hata kufagia, alikuja akabonyeza kimto nilichokuwa nimekalia akasema nimeibiwa. Kimto kile nilikishona mwenyewe. Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kwa kuwa siku hizi mimi ni mzee wa kanisa. Yeye akacheka, akakichukua, akakirudisha kesho yake kimejazwa vizuri. Miezi saba baadaye watu wa kwao walileta posa kwetu.

Basi tukakaa kibaraza kimoja, yeye viti, mimi nguo. Mimi nashona sare za shule, vitenge na majoho ya kwaya. Yeye alishona viti vya mabasi mpaka mabasi yakaanza kuja na viti vyao vya kisasa, na pikipiki zilipojaa mjini akashona viti vya bodaboda. Tumelea watoto watatu pale. Wa kwanza ni Peniel, ndiyo maana mimi ni Mama Peniel na yeye Baba Peniel, na hayo majina mengine ni ya kwenye vitambulisho.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, alikuwa anavuta leza, ile ngozi ya plastiki, kwenye kiti cha bodaboda, mkasi ukamdondoka. Akauangalia pale chini. Akainama auokote, mkono ukaenda pembeni ya mkasi. Akajaribu tena, ukaenda pembeni tena. Nikamwambia, "Baba Peniel, acha utani." Aliponigeukia nikaona mdomo umekwenda upande.

Daktari alisema ni kiharusi chepesi, tena tuna bahati. Mdomo ulirudi mahali pake baada ya wiki tatu na mguu baada ya miezi miwili. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Vidole vinafanya kazi, ila ukikiambia kidole sogea, kwanza kinafikiria. Kila Alhamisi akawa anakwenda hospitali kufanyishwa mazoezi, anaminya mpira, anaokota maharage moja moja kutoka sahani hii kwenda ile. Fundi mzima, anaokota maharage.

Wateja wakahamia kwa mafundi wengine, siwalaumu, mwenye bodaboda hawezi kusubiri. Wachache walileta vikazi vya huruma, kiraka hapa, kamba pale, na yeye alijua ni huruma, akavifanya bila kusema neno. Siku zilizobaki alikaa kwenye stuli anagonga misumari ya zamani iliyopinda ili inyooke. Hilo niliweza kulivumilia. Lililonitisha lilikuja kwenye msiba wa jirani yetu. Tulikalishwa kwenye kochi lililokufa, springi inachoma hadharani, hata mtoto mdogo angelalamika. Nikamtazama mume wangu. Amekaa, mikono mapajani, hana hili wala lile. Hakubonyeza. Nilisubiri mpaka tunaondoka, hakuniinamia sikioni. Njiani nikamwuliza, "Hukuiona ile springi?" Akasema, "Springi gani?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mkono ni mkono tu, lakini yule mtu niliyeolewa naye nilianza kumwona anaondoka, na mimi nimekaa naye meza moja.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mwaka jana mwezi wa nane, siku Mwalimu Theodora alipokuja na Pijo.

Mwalimu Theodora anatoka Ihanja. Alikuwa mwalimu mkuu, akastaafu, mama wa watu wengi. Marehemu mume wake, Mzee Paschal, alinunua Pijo 404 rangi ya maziwa mwaka themanini na moja kutoka kwa Mzungu mmoja wa misheni, akaitunza kuliko watu wengine wanavyotunza wake zao. Alipofariki, Mwalimu hakuiuza. Injini bado inawaka. Viti ndivyo vilivyokuwa vimekwisha, leza imepasuka, nyuzi za makumbi zinatoka nje, ukikaa unainuka na vumbi la kahawia matakoni.

Gari liliendeshwa na mpwa wake, Deo, kijana wa miaka thelathini na kitu. Tukawaamkia wote wawili tukiwa tumesimama.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, hamjambo? Hezekia, mkono unaendeleaje?"

"Unaendelea, Mwalimu."

"Nimekuletea kazi. Emilian wangu anapewa upadri Jumamosi ya wiki ijayo huko mjini. Jumapili anakuja kusoma misa yake ya kwanza nyumbani, Ihanja. Nataka afike kwenye gari la baba yake, na nataka viti viwe vizima."

Mume wangu akazunguka gari polepole. Akafungua mlango wa dereva. "Mwalimu," akasema, "mjini kuna mafundi wana mashine za umeme. Watakumalizia kwa siku mbili."

"Wapo. Ila kiti hiki cha dereva ulikivalisha wewe baada ya ile ajali, na Paschal alikikalia miaka yote asilalamike mgongo. Wale wenye umeme hawakijui."

Mimi nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Lakini nilichosikia ndani yake ni huruma tu. Nikasema moyoni, mama wa watu ana roho nzuri, anatafuta namna ya kumpa mgonjwa kazi bila kumwaibisha. Nikamshukuru, na papo hapo nikaanza kuogopa, kwa kuwa kiraka cha huruma kikiharibika hakuna anayejua, lakini gari la padri mpya litatazamwa na kijiji kizima.

Walipoondoka, Hezekia alikaa kwenye stuli yake. Halafu akanena, bila kunitazama.

"Mama Peniel, nitalifanya hili. Kikinishinda, cherehani yangu uza. Sitaki kuikuta hapa nikirudi."

"Ukirudi kutoka wapi?"

"Popote."

Nikarudi kwenye sare zangu.

Alifumua kama alivyofundishwa. Benchi la nyuma kwanza, halafu kiti cha abiria, halafu cha dereva. Mkono wa kushoto ulishika kisu, wa kulia ulishikilia kitambaa, kinyume cha maisha yake yote. Alipanga vipande sakafuni, akaandika namba kwa chaki. Kazi ya saa moja ilichukua asubuhi nzima. Nilimpa nafasi, nikajifanya nina sare nyingi, kumbe jicho langu moja liko kwake muda wote. Leza ikikataa kuvutika alikuwa anaongea nayo Kinyaturu, na mimi hapo nilipata nafuu kidogo, maana kwa miezi mingi alikuwa hagombani hata na kitu.

Benchi la nyuma likatoka vizuri. Kiti cha abiria kikatoka vizuri, ukitazama kwa karibu sana utaona mahali sindano ilipotetereka, lakini nani atatazama kwa karibu. Nikaanza kupumua. Ikabaki cha dereva.

Hicho alikifanya tofauti. Alifunga sponji juu ya gunia na springi, akakivalisha kitambaa cha chini, akaacha kutumia futi. Akawa anakipapasa. Anafumba macho, anapitisha kiganja kutoka bega la kulia la kiti mpaka bega la kushoto, anarudi, anaweka alama ya chaki kwenye leza, anapapasa tena. Nilimtazama nikasema, Mungu wangu, hata kipimo kimemtoka. Futi iko shingoni mwake na anapima kwa kiganja kilichopooza.

Jumatano jioni alimaliza kushona vazi la mgongo wa kiti. Akalitundika kwenye msumari, akaenda kunawa. Nikasogea nikaangalia. Mshono wa juu, ule unaotoka bega hadi bega, ulikuwa umeteremka upande wa kushoto. Wala si kidogo. Vidole viwili vizima. Ulianza juu vizuri upande wa kulia, ukaenda unashuka, unashuka, mpaka mwisho.

Nilisimama pale nikiwa na majonzi. Nimeshona miaka thelathini na zaidi, mshono uliopinda nauona nikiwa barabarani. Na yeye hakuwa ameuona. Alirudi akifuta mikono, akautazama, akasema, "Umekaa." Nikaitikia, "Umekaa." Ule ndio uongo wa kwanza.

Alhamisi alikwenda kwenye mazoezi yake. Alipopotea tu kwenye kona, nilifunga kazi za watu, nikalishusha lile vazi, nikafumua mshono wa juu wote. Nikapiga mstari kwa rula, mstari wa haki, nikapandisha kushoto kidole kimoja na kushusha kulia kidole kimoja, nikakaa kwenye cherehani yake nikaushona upya. Matobo ya sindano yake yaliyobaki yanaonekana upande wa kushoto niliyasugua kwa mgongo wa kijiko na mafuta ya kupaka, yakafumba. Nikalitundika kwenye msumari ule ule. Lilikuwa limenyooka kama sare ya siku ya kwanza shuleni.

Msidhani nilifurahi. Nilikaa kwenye stuli yake nikalia. Nilijua nimemwokoa na nilijua pia kwamba kuanzia hapo nitakuwa nafanya hivyo kila mara, nanyoosha nyuma yake, nasema umekaa, mpaka tutakapozeeka. Nikafuta uso, nikapika ugali na mlenda.

Ijumaa asubuhi akalivalisha.

Ukivalisha kiti unageuza vazi nje ndani, unalishusha kutoka juu kama unavyomvalisha mtoto sweta, unavuta kushoto, unavuta kulia, halafu unafunga chini kwa pete za waya. Akalishusha. Akavuta. Upande wa kulia leza ikakaza mpaka ikagoma, haikufika chini. Upande wa kushoto ikajikunja, mikunjo mitatu minene begani. Akalivua, akalivalisha tena. Vile vile. Akavuta kwa nguvu, na mimi nikaacha kukanyaga cherehani yangu.

Akalivua mara ya tatu. Hakulivalisha tena. Akaliweka juu ya kiti taratibu, akavua aproni yake, akaikunja mara nne.

"Mpigie Mwalimu," akasema. "Mwambie Deo aje achukue gari mapema, mjini watawahi kulimaliza hiki kimoja."

"Baba Peniel..."

"Nilikuwa na uhakika nacho. Hicho ndicho kinachoniumiza. Hivyo viwili niliona mahali mkono uliponidanganya. Hiki nilikuwa na uhakika nacho kabisa." Akautazama mkono wa kulia, akaugeuza juu chini. "Basi. Umekwisha."

Nawaambieni ukweli, kwa dakika nzima nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa bado sijaelewa. Kichwani mwangu mshono wangu ulikuwa wa haki, na kama haukuenea basi wa kwake ungekuwa mbaya zaidi. Lakini alisema umekwisha, na kwenye kiti kile hapakuwa na mshono wake. Alikuwa anauhukumu mkono wake kwa kosa la mkono wangu. Hilo sikuweza kulimeza.

"Huo mshono si wako," nikasema.

"Nini?"

"Nilifumua jana ulipokuwa hospitali. Ulikuwa umepinda. Nikaunyoosha. Huo ni wangu, ule wako sijui ungefanyaje, lakini huo ni wangu."

Akalichukua vazi, akalipeleka kwenye mwanga, akaanza kulipapasa upande wa kushoto kwa ukucha. Matobo yale niliyoyasugua kwa kijiko, macho hayakuyaona. Ukucha wake uliyaona. Nilimwona akihesabu kimya kimya, tobo kwa tobo, akishuka nayo.

"Ulikata pembeni, ile leza ya ziada?" akauliza.

"Sikukata."

"Hakika?"

"Sikukata, nilifumua na kushona tu."

Akakaa kwenye stuli. Uso wake ulikuwa umebadilika, na mimi sikujua kama ni hasira au nini. "Mama Peniel, lete mkono." Nikampa. Akakiweka kiganja changu begani mwa kiti, upande wa kulia, akakibonyeza mpaka nikahisi chuma chini ya sponji. "Twende." Nikafumba macho kama yeye, akanipeleka taratibu kwenda kushoto. Chuma kikaanza kushuka. Nilifungua macho, sponji ilikuwa sawa, haionyeshi kitu. Nikayafumba tena. Kilikuwa kinashuka, kinashuka, na mwisho wake ni vidole viwili.

"Mwaka tisini na nne," akasema, "Mzee Paschal alikwepa ng'ombe njia ya Ikungi, akaingia mtaroni. Fremu ikapinda. Wakaichomelea hivyo hivyo. Ukishona mshono wa rula hapa, hauvaliki. Lazima ushuke nayo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema umekaa."

Nikaona nisipousema ukweli siku hiyo nitaugua mimi. "Niliogopa kukuuliza," nikamwambia. "Niliogopa utaniambia umenyooka. Nilikuwa na uhakika kwamba huuoni. Nilikuonea huruma, Baba Peniel, na sikukuamini. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Ulishona kwa sindano yangu namba ngapi?" Nikamtajia. Akaguna, akasema angalau hilo nililipata. Hapo nikajua tutapona.

Tulifumua pamoja, mimi kushoto yeye kulia. Mchana ule ule akakaa kwenye cherehani yake, mguu wa kushoto kwenye kanyagio, ukucha wa mkono ule mgonjwa ukitangulia mbele ya sindano kutafuta matobo yake ya Jumatano. Kazi yangu ilikuwa kushikilia leza isimzidi uzito. Alikwenda tobo kwa tobo. Hakukosa. Mimi nilikuwa pale, pua yangu iko karibu na sindano, nawaapia hakukosa hata moja mpaka mwisho.

Akalishusha kichwani mwa kiti. Akavuta kushoto, leza ikashuka na bega. Akavuta kulia, ikafika chini yenyewe. Mikunjo haikuwepo. Akafunga pete ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ukikitazama kiti kwa mbele, sasa mshono ulionekana umefuata bega la kiti bila kupinda popote.

Niliketi sakafuni, kwenye vumbi la makumbi na vipande vya leza, nikashusha pumzi ya miezi kumi na saba. Machozi yakaja, sikuyafuta. Mkono wake ulikuwa umeshona kile kile ambacho kichwa chake kilikitaka. Kwa polepole, ndiyo, lakini kile kile. Yule mtu alikuwa yumo humo wakati wote, mimi ndiye niliyekuwa nimeshamtangazia msiba.

"Yapo haya matobo," akasema, akionyesha bega la kiti.

Nikainuka. Upande wa kulia, begani, chini kidogo ya mshono, matobo yangu yalikuwa yanaonekana, mstari wa shubiri moja. Leza ikishatobolewa hairudi. Nikasema tuweke ukanda juu yake, ninao mzuri wa kahawia, tuyafunike.

"Yaache."

"Mwalimu atauliza."

"Akiuliza nitamwambia ni ya Mama Peniel."

Na kweli aliuliza. Alikuja Jumamosi alfajiri na Deo, ametinga kitenge kipya, wanawahi upadirisho. Alikaa nyuma, akakaa kwa abiria, mwisho akakaa kwa dereva, yeye ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. Akaegemea. Akaweka mkono kwenye usukani. "Ndicho chenyewe," akasema. "Hezekia, ndicho chenyewe kabisa." Halafu, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu hata akistaafu, kidole chake kikasimama kwenye bega la kiti. "Na haya matundu?"

"Hayo ni ya Mama Peniel, Mwalimu. Alikuwa ananisaidia."

Alilitamka hilo neno kwa upole mkubwa na jicho lake likanicheka. Nilitafuta mahali pa kuficha uso, sikupata, nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumapili tulikwenda Ihanja. Sisi ni Walutheri, lakini sherehe ni sherehe, na Mwalimu alisema tusipokuja atakuja kutuchukua mwenyewe. Watu walijaa mpaka nje ya uzio wa kanisa. Pijo ilipoingia, rangi ya maziwa, imeoshwa, maua kwenye boneti, vigelegele vilipanda na akina mama wakatandika khanga njiani. Deo alikuwa kwenye usukani, Padri Emilian nyuma na mama yake. Alipokuwa anashuka nilimwona akigusa kiti cha dereva kwa nyuma, pale baba yake alipokuwa anaegemea, akaacha mkono pale kidogo ndipo akashuka. Nikamtazama Hezekia. Alikuwa ameona.

Baada ya misa tukapelekwa kwenye turubai. Mwalimu alikuwa ameagiza tukae safu ya wageni wa heshima, kwenye yale masofa ya kukodi yenye vitambaa vyeupe. Nikakaa. Nikatengeneza kitenge changu, nikasalimia waliokuwa kulia kwangu, shikamoo, marahaba, na nikiwa bado nasalimia nikahisi sofa inatikisika kidogo.

Sikugeuka. Niliogopa kugeuka. Nilitazama kwa pembe ya jicho, nikaona mkono wa kulia, ule wenyewe, wenye vidole vinavyofikiria kwanza. Dole gumba likabonyeza sponji. Likangoja. Likabonyeza tena. Halafu mkono ukashuka pembeni, ukapita chini ya kitambaa cheupe, ukaenda kutafuta mbao. Pale mbele yetu mapadri saba walikuwa wanakaa, na mkuu wa wilaya alikuwa anatutazama.

Akaniinamia sikioni.

"Wameibiwa hawa."

Kwa kawaida hapo ndipo ninapomfinya. Nikamwuliza wameibiwaje, na akanieleza, kuanzia sponji mpaka misumari, mpaka pilau ilipoletwa.